Madai ya Wameru Mbele ya Mataifa

Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kudai haki mbele ya Baraza la Udhamini. Baraza lilisikitika, nchi haikurudishwa. Mwaka ule ule, katika Mkutano Mkuu, azimio la kutaka irudishwe likakosa theluthi mbili za kura.

Maneno matupu, wasema wahenga, hayavunji mfupa. Walakini safari ile haikuwa bure. Kirilo alirudi akazunguka Tanganyika akisimulia aliyoyaona, na wasikilizaji wakapata fundisho: huruma ya mataifa haitoshi pasipo umoja wa wenye nchi. Mwaka 1954 TANU ikaundwa.