Masafa, upeo na usikivu: msamiati wa kuongeza umbali wa redio ya garini

masafa nm [ya-] 1. umbali baina ya mahali na mahali: mbio za masafa marefu; kombora la masafa ya kati. 2. idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi: masafa ya redio, usimamizi wa masafa. [Kar.]

Neno hili halina umoja katika matumizi ya kawaida. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya umbali, na halina uhusiano wa mzizi na safari wala msafara, ingawa wanafunzi wengi huyaweka katika ukoo mmoja kwa kuwa sauti na maana zake hukaribiana. Maana ya kwanza ndiyo kongwe. Maana ya pili imeletwa na redio, na ndiyo inayomtia mfasiri mashakani.

Chukulia sentensi fupi inayoweza kukutwa katika kijitabu cha maelezo ya redio: “Jinsi ya kuongeza masafa ya redio ya gari.” Msomaji wa kwanza ataelewa kwamba atafundishwa namna ya kusikika mbali zaidi. Msomaji wa pili, hasa aliyezoea lugha ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambako masafa ni rasilimali inayogawiwa na kulindwa, ataelewa kwamba atafundishwa kupandisha hezi, yaani kuhama chaneli. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu, na hakuna aliyekosea.

Hatari huonekana vizuri zaidi katika maagizo ya dharura. “Ukitoka nje ya masafa, rudi kwenye masafa” ni sentensi isiyo na kosa la sarufi. Dereva wa lori la karafuu aliyepoteza mawasiliano katika bonde lililo kati ya Chake Chake na Wete anaweza kuifuata kwa njia mbili: kuligeuza gari na kurudi alikotoka, au kuzungusha swichi ya chaneli. Akichagua ya pili ilhali mwandishi alikusudia ya kwanza, atakuwa amejitoa kabisa katika chaneli ambayo wenzake wanamsikilizia. Hapo hata akipanda kilimani hatasikika.

Utata huu una historia ya kuchekesha kidogo. Katika riadha, masafa mafupi ni umbali mdogo, na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati. Katika utangazaji, masafa ya kati ni mawimbi yanayohudumia nchi na jirani zake, na masafa mafupi ndiyo yanayovuka bahari na mabara. Kwa hiyo mwenye redio ya masafa mafupi husikia mbali kuliko mwenye redio ya masafa ya kati. Kinachopimwa katika istilahi hizi za redio ni urefu wa wimbi lenyewe, wala si mwendo linaokwenda. Lakini neno wimbi lilidondoka njiani, likabaki masafa peke yake.

Redio ya CB

CB ni kifupisho cha jina la Kiingereza linaloweza kufasiriwa kuwa bendi ya raia. Nchini Marekani huduma hii ilihamishiwa kwenye eneo la megahezi 27 mwaka 1958, ikaenea sana miongoni mwa madereva wa malori baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, na tangu 1977 ina chaneli 40. Uingereza iliiruhusu tarehe 2 Novemba 1981. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa takribani mita 11, ndiyo maana wapenzi wake huiita pia bendi ya mita 11.

Afrika Mashariki jina la CB halikushika. Redio yoyote ya kuongea na kujibiwa, iwe ya polisi, ya gari la wagonjwa au ya kampuni ya ulinzi, huitwa redio koli, na wazee husema simu ya upepo. Mfasiri asilazimishe “redio ya raia”, maana Pemba raia atauliza kama nyingine ni za wageni. “Redio koli ya CB” inatosha. Aidha, akumbuke kuwaambia wasomaji wake wa Tanzania kwamba kutumia masafa ya redio kunahitaji kibali cha TCRA, Bara na Visiwani, kwa kuwa mawasiliano ya simu na posta ni jambo la Muungano.

Upeo

Kwa umbali ambao redio inaweza kufikia, neno linalofaa ni upeo: upeo wa redio, upeo wa mawasiliano. Faida yake si kuondoa utata tu. Kiswahili tayari kina upeo wa macho, mstari ule ambapo bahari na mbingu hukutana, na fizikia ya redio za garini inategemea mstari huohuo. Wimbi la megahezi 27 linalotoka kwenye gari husafiri karibu na uso wa dunia; hujipinda kidogo, kisha mviringo wa dunia hulikata. Kwa makadirio, upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 ukizidishwa na kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi ina upeo wa karibu kilomita 6, na magari mawili ya namna hiyo hupatana kwa karibu kilomita 12, penye uwazi. Antena ya kituo ikisimama mita 10 juu ya ardhi, upeo wake pekee ni kilomita 13, na mawasiliano yake na gari hufika kilomita 19 hivi.

Hesabu hii ina uzito wake Pemba. Kisiwa kina urefu wa takribani kilomita 67, na kilele chake hakifiki mita 120. Upande wa magharibi, penye mikarafuu, ardhi imejaa vilima na mabonde yanayofuatana. Upande wa mashariki, kuelekea Micheweni, ni tambarare ya mawe. Gari lililoko Konde haliwezi kutarajia kupatana moja kwa moja na gari lililoko Mkoani, hata redio iwe mpya namna gani. Lakini gari lililopanda kilima cha mita 100 kinachotazama pande zote lina upeo wa kilomita 41. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa kuongeza upeo hauhusu kifaa chochote: dereva apande juu, ndipo aite.

Nguvu

Kuongeza nguvu ni kitu kingine tena, nao wafasiri huuchanganya na kuongeza upeo. Nguvu hupimwa kwa wati. Katika nchi nyingi redio ya CB ya mfumo wa AM imewekewa kikomo cha wati 4. Hata mahali patupu pasipo kizuizi, kuongeza upeo mara mbili hudai nguvu mara 4, na juu ya ardhi yenye vilima hudai zaidi ya hapo. Fundi anayemshauri mteja anunue kikuza nguvu anamuuzia kitu cha ghali chenye faida ndogo, ambacho kwa kawaida pia kinavunja masharti ya kibali. Isitoshe, kikuza nguvu humfanya mtu asikike na wasio na uwezo wa kumjibu, kwa sababu hakimsaidii yeye kusikia.

Antena

Sehemu kubwa ya upeo wa redio ya garini hupatikana au hupotea hapa. Antena na eriali ni visawe. Antena inatawala katika maandishi ya kitaalamu. Robo ya wimbi la mita 11 ni kama mita 2.75, na huo ndio urefu wa ufito unaofanya kazi kwa ukamilifu. Ufito wa kimo hicho juu ya daladala utakwaruza kila tawi la mwembe, kwa hiyo nyingi hufupishwa kwa kuzungushiwa koili. Kila ufupisho una gharama yake katika upeo.

Bodi la gari ni nusu ya pili ya antena. Ufito ukifungwa katikati ya paa la bati, mawimbi huenea karibu sawa pande zote; ukifungwa kwenye pembe ya nyuma, huelekea zaidi upande wa pembe ya mbele iliyo mkabala nayo. Ukifungwa kwenye keria iliyopakwa rangi bila kugusana vizuri na bodi, hufanya kazi vibaya popote. Mafundi husema athi. Kitabu cha fizikia kitasema waya wa ardhi. Mfasiri wa maelezo ya ufundi atumie la mafundi, kwani ndiye atakayekwangua rangi na kukaza nati. Hewa ya chumvi ya Pemba hula maungio haya upesi, na kutu kidogo chini ya nati yaweza kupunguza upeo kuliko kilima.

Baada ya kufunga, antena hupimwa kwa mita ya SWR, ambayo huonyesha sehemu ya nguvu inayorudi redioni badala ya kuondoka. Kipimo cha 1.5 au chini yake ni kizuri. Kikizidi 3, redio isitumiwe kuongea mpaka kosa lipatikane, kwani inaweza kuungua. Kipimo kikiwa kikubwa katika chaneli ya 40 kuliko ya 1, antena ni ndefu mno. Kikiwa kinyume chake, ni fupi mno. Hapa pia lugha ina mtego: “punguza antena” yaweza kusomwa kuwa punguza idadi. Iandikwe fupisha na refusha. Ufito ukatwe milimita chache kwa mara moja, maana uliokatwa haurudi.

Usikivu, kushika, kupata

Usikivu kwa asili ni sifa ya mtu anayesikiliza kwa makini. Mashirika ya utangazaji yameupa maana ya eneo ambalo matangazo yanasikika: kupanua usikivu wa redio. Kwa kituo cha utangazaji maana hiyo imekubalika. Kwa redio koli ya garini, ambamo kila mmoja ni msemaji na msikilizaji, upeo unabaki kuwa neno bora.

Vitenzi vya mazungumzo visidharauliwe. Redio hushika au haishiki, watu hupatana au hawapatani: “Unanipata?” “Nakupata vizuri.” Tafsiri inayosema “Je, unapokea ishara yangu?” ni sahihi kwa mtihani tu.

Mifano ya kufuata: Panda kilimani ili kuongeza upeo wa redio. Usibadili masafa uliyopangiwa. Ukitoka nje ya upeo, rudi mahali ulipopatana na kituo mara ya mwisho, chaneli ikiwa ileile.