Waya Tatu

Kabla daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, ukitoka Matsangoni kwenda Mombasa ilibidi ungoje feri. Magari yanapanga foleni, yanavuka kwa zamu. Kompyuta na vifaa vyake vimezungumza hivyo hivyo kwa miaka mingi: biti moja inapita, halafu nyingine, juu ya waya mmoja.

Foleni hii ni kongwe kuliko kompyuta yenyewe. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea mpaka Durban. Habari zilipita alama kwa alama. Na hapa kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano waliirusha satelaiti ya NASA iitwayo Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Iliyoyaona ya miale ya eksirei angani iliyatuma chini kwa redio, biti baada ya biti.

Kwa kompyuta, mkubwa wa ukoo ni RS-232, kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1960 ili mashine za kuchapa ziongee na modemu. Plagi yake ilikuwa na pini 25. IBM ikaipunguza hadi 9 kwenye kompyuta yake ya 1984. Lakini enyewe, kazi nyingi zinahitaji waya tatu tu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Volti hasi ni moja, volti chanya ni sufuri. Shida ni kwamba pande zote mbili lazima zikubaliane kasi mapema. Moja ikiongea kwa 9600 na nyingine isikilize kwa 4800, utapata takataka.

Halafu ni pole pole, jamani. Kwa kasi hiyo ya 9600, kila herufi inabeba biti 10, kwa hivyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 3 itachukua kama dakika 52. USB 2.0, ya mwaka 2000, ina kasi ya biti milioni 480 kwa sekunde. Kwa hesabu ya karatasini, picha ile ile inapita kabla hujapepesa jicho.

Utauliza, si basi wangeongeza waya, biti nane zipite bega kwa bega? Walifanya. Printa za zamani zilitumia poti kama hiyo. Lakini kasi ikizidi, biti zilizoondoka pamoja hazifiki pamoja, kama matatu nane zilizotoka Kilifi saa moja. Kuzingojana kunakula muda. Ndiyo maana foleni ilishinda, na USB, iliyotolewa 1996 na kampuni saba, Intel, Microsoft na IBM zikiwemo, ni foleni vilevile. Tofauti ni kwamba kifaa cha USB kinajitambulisha chenyewe: mimi ni nani, nimetengenezwa na nani, nataka umeme kiasi gani.

Na mzee hakufa. Mnakumbuka zile modemu za USB za kuweka laini? Ndani ya kompyuta zilijifanya poti ya zamani, COM kitu fulani, zikapokea amri zilizoanza na AT, lugha ya modemu za Hayes za 1981. Ulipobonyeza "connect", ilikuwa inapiga simu *99#. Tuliingia Facebook kwa adabu za babu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nyumbani nikaanza kurekebisha vitu vya watu. Mama mmoja mwenye duka aliniletea printa ya risiti yenye pini tisa, ameambiwa anunue mpya. Nilichukua kipima volti nikagusa pini moja moja. Waya wa kutuma ulikuwa umekatika. Nikauchomelea, kazi ikaisha. Hakuna mtu aliyenipa ruhusa ya kuuelewa ule waya.

Jaribu hivyo na USB-C. Plagi ina pini 24, na kebo nyingine zina chipu ndani. Kebo mbili zinafanana kama mapacha, moja inabeba data, nyingine inachaji tu. Na ukitaka kutengeneza kifaa chenye namba yako rasmi ya USB, unalipa maelfu ya dola.

Sisemi turudi nyuma. Tangu 28 Desemba 2024 sheria ya Ulaya inadai simu mpya zote ziuzwe na USB-C, na sisi tutafaidika: chaja moja nyumba nzima. Lakini RS-232 ilimwachia fundi wa kijijini nafasi ya kuona kinachopita. Kijana wa Matsangoni anayeanza leo, ningemwanzishia hapo, kwa waya tatu na kipima volti, kabla ya kumpa kebo asiyoweza kuifungua.