Uziwi wa Mafundi wa Boila

Uziwi wa kiwandani, yaani kupungua polepole kwa uwezo wa kusikia kutokana na kelele za kazini, ni maradhi yaliyojulikana mapema yakadhibitiwa kwa kuchelewa mno. Mwaka 1713 tabibu wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi, alieleza jinsi wafua shaba wa Venice, waliogonga nyundo kutwa kucha, walivyopungukiwa na usikivu hadi wakazeeka viziwi.

Enzi ya mvuke ilizidisha madhara hayo. Boila, ambayo ni tangi la chuma la kuchemshia maji ya kuendeshea injini, iliundwa kwa mabamba yaliyoshikanishwa kwa ribiti, yaani misumari minene iliyopenyezwa matunduni ingali nyekundu kwa moto, kisha ikapondwa kwa nyundo kutoka nje huku fundi mwingine, aliyejikunyata ndani ya tangi, akiikandamiza kwa nyundo nzito isirudi nyuma, hivyo kila pigo likamvumia masikioni.

Mwaka 1886 Thomas Barr, daktari wa masikio wa Glasgow, mji uliosifika kwa kuunda meli, aliwapima mafundi 100 wa boila kwa kuangalia ni kwa umbali gani kila mmoja aliweza kusikia mlio wa saa ya mfukoni, akawalinganisha na wasubu chuma na matarishi wa posta. Hakumpata fundi wa boila hata mmoja mwenye usikivu kamili, na wengi wao walishindwa kufuata maneno katika mikutano ya hadhara.

Mwaka 1890 daktari wa masikio Johannes Habermann, alipochunguza sikio la fundi wa aina hiyo aliyefariki, aliona kwamba kilichoharibika ni koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono, ambamo seli zenye vinyweleo hugeuza mtikiso kuwa ishara za neva, na ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Licha ya ujuzi huo wote, kanuni za Kenya zilizokataza mfanyakazi kukabiliwa na kelele ambazo wastani wake kwa saa 8 kwa siku unapita desibeli 90, kipimo cha ukubwa wa sauti, zilitungwa mwaka 2005, miaka 119 baada ya vipimo vya Barr. Kwa kuwa uziwi huu hauna tiba bali kinga tu, gharama ya ucheleweshaji huo imelipwa kwa masikio ya wafanyakazi.