Asubuhi ya Daftari, Jioni ya Jukwaa

Mwaka 1867, kisiwani Unguja, mtambo mdogo wa chapa wa wamisionari wa UMCA ulitoa kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Aliyekitengeneza ni Edward Steere, aliyefika kisiwani mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na ambaye mwaka 1874 alikuja kuwa askofu mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne: ya mke mkaidi anayefugwa, ya mfanyabiashara wa Venisi, ya Mfalme Lear na ya Timon wa Athens. Zote nne asili yake ni tamthilia za William Shakespeare, lakini Steere hakuzitoa jukwaani. Alizitoa katika kitabu ambacho Charles na Mary Lamb walikitunga mwaka 1807 kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, ambamo mazungumzo ya wahusika yamekunjwa yakawa masimulizi.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni ile walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kwao hao, na kwa Waswahili wengine waliojaaliwa kukisoma kijitabu kile, mfalme mwenye binti watatu hakuwa kitu cha kigeni. Ni mambo ya paukwa pakawa. Shakespeare, basi, aliingia katika Kiswahili akiwa ngano. Lear halalamiki mwenyewe nyikani, bali analalamikiwa na msimulizi. Ilipita miaka 96 kabla ya mhusika wa Shakespeare kusimama na kusema kwa kinywa chake katika lugha hii, na mtu aliyemsimamisha alitokea darasani.

Ili kuelewa kwa nini alitokea huko, hatuna budi kulitazama darasa lenyewe na kazi zake za kila siku, jambo ambalo wanahistoria wa fasihi yetu hulipita haraka wakikimbilia majina ya vitabu.

Shule ya sekondari ya kikoloni, iwe Tabora, Kikuyu au Mombasa, ilifundisha Kiingereza kwa utaratibu uliojirudia kama saa ya ukutani. Mwalimu aliingia, wanafunzi wakasimama, wakaketi. Siku moja ilikuwa ya imla: mwalimu anasoma kipande polepole mara ya kwanza, mara ya pili anakikata vipande, mara ya tatu anakipitia chote, na kila kosa la herufi linahesabiwa. Siku nyingine ilikuwa ya ufahamu, nyingine ya muhtasari, ambapo ukurasa mzima ulilazimika kuingia katika idadi ya maneno iliyowekwa. Ikifika zamu ya fasihi, kitabu kilisomwa kwa sauti kwa mzunguko. Wa dawati la kwanza anasoma mistari kadhaa, anapokea wa pili, hata Brutus mmoja akatamkwa na vijana sita, na kila mmoja wao amekwisha kuhesabu mistari kujua ipi itamwangukia yeye. Wenzake walionyamaza walikuwa wakitafuta maana pembezoni mwa kitabu, kwa risasi.

Nyuma ya utaratibu huu ulisimama mtihani wa Cambridge, uliotungwa Uingereza na kusahihishwa huko huko. Swali lake lililozoeleka lilikuwa la kunukuu mistari michache na kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na maneno haya yana maana gani. Si swali baya hata kidogo. Mwigizaji yeyote huanza na maswali hayo hayo. Tofauti ni kwamba mwigizaji akishayajibu hufungua kinywa, na mtahiniwa akishayajibu hufunga kitabu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa vijana wa pwani walioketi katika madawati yale walikuwa wamekuja na masikio yaliyofunzwa. Mtoto aliyepitia chuoni alikuwa amehifadhi sura kwa sauti, akisahihishwa irabu iliyovutwa mno au iliyokatwa mapema, kabla hajaijua maana ya neno moja. Nyumbani alisikia tenzi zikighaniwa. Alijua, bila kuambiwa, kwamba maneno yaliyopangwa kwa mizani hukaa kifuani tofauti na maneno ya barua. Mwalimu wa Kiingereza angemkuta amekwisha kulimiwa shamba. Badala yake somo la asubuhi lilimtaka aeleze shairi kwa nathari, yaani ayavunje yale mapigo aliyoyasikia, na apewe alama kwa kuyavunja.

Lakini shule ileile ilikuwa na jioni. Katika Shule ya Upili ya Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926 na kuongozwa na Carey Francis kuanzia 1940 hadi 1962, tamthilia moja ya Shakespeare ilichezwa kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958 na ameandika kwamba katika miaka yake minne aliona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream.

Tuzingatie miaka hiyo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwaka 1952, na ilidumu hadi 1960. Mwaka 1955 Ngũgĩ alirudi nyumbani likizo ya kwanza akakuta kijiji chake kimebomolewa na watu wamehamishiwa katika kijiji kipya kilichojengwa kwa amri ya serikali. Nduguye alikuwa msituni na wapiganaji. Na mchezo alioutazama shuleni, As You Like It, ni wa watu walionyang'anywa haki yao wakakimbilia msituni. Huenda walioupanga waliuona ni mchezo wa kuchekesha, wenye mapenzi na nyimbo, usio na siasa. Kijana aliyetoka kijiji kilichobomolewa hakuhitaji mwalimu kumfafanulia msitu ni nini.

Mazoezi ya jioni yalikuwa na kanuni zake. Sehemu za wanawake katika shule za wavulana mara nyingi zilishikwa na wavulana wenyewe, kama ilivyokuwa London enzi za Shakespeare. Mistari ilihifadhiwa yote, si kile kipande cha mtihani. Mtu alijifunza kwamba neno lina uzito wa mwili: kwamba huwezi kusema maneno ya hasira ukiwa umelegea mabega, na kwamba kunyamaza kwa mwenzako nako ni jibu. Hayo hayakutahiniwa. Miaka ya 1950, kwa msaada wa British Council na afisa wa serikali aliyeshughulikia muziki na maigizo, mashindano ya michezo ya shule yakapangwa rasmi nchini Kenya. Nia ya wakoloni ilikuwa kukieneza Kiingereza, na walifaulu. Lakini mtu akishafundishwa kusimama na kusema, si rahisi kumpangia atakayoyasema. Novemba 1962 Ngũgĩ, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alileta mchezo wake The Black Hermit katika jumba la taifa la maigizo Kampala. Mwaka 1977 alikuwa Kamĩrĩĩthũ na wanakijiji, katika lugha yao ya Kigĩkũyũ, mazoezi yakifanywa hadharani na watazamaji wakiwasahihisha waigizaji.

Turudi Tanganyika. Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, baada ya kutoka Makerere mwaka 1945, na masomo yake yalikuwa biolojia na Kiingereza. Aliporejea kutoka Edinburgh mwaka 1952 alifundisha Pugu, mpaka siasa ilipomtoa darasani mwaka 1955. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, kisha akaipitia upya ikatoka mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi. Mengi yamesemwa juu ya jina hilo la pili, hasa kwa kuwa Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amegeuzwa mabepari wengi. Machache yamesemwa juu ya mizani, na humo ndimo ilimokuwa kazi ngumu.

Mshororo wa Shakespeare una silabi kumi. Mswahili anayeuendea akiwa na kipimo hichohicho atapata taabu mara moja. Rafiki, upanga, damu, moyo: kwa Mwingereza kila moja ni silabi moja, na bado ana nafasi sita za kusema huyo rafiki alifanya nini kwa huo upanga. Kwa Mswahili maneno hayo manne ni silabi kumi kamili, mshororo umejaa, na hakuna kilichotendeka. Tena mkazo wa Kiingereza huweza kuangukia silabi ya mwisho, ukaufunga mshororo kama mlango. Mkazo wetu uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mshororo hushuka taratibu kama mawimbi yanayorudi. Mtafsiri ana njia mbili: ama aache nusu ya maana, ama ategemee nguvu ya Kiswahili ya kufunga sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Nyerere alitumia sana hiyo ya pili. Aliacha vina kabisa, akashika mapigo. Katika miaka ya 1970, washairi walipogombana vikali juu ya mashairi yasiyo na vina, baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, ni wachache waliokumbuka kwamba Rais alikuwa ametangulia kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyemwambia kwamba ameuvunja ushairi.

Ukiisoma tafsiri ile kwa macho tu, baadhi ya mistari huonekana migumu. Isomwe kwa sauti, asimame mtu mmoja juu ya kiti na wengine wawe umati, na ugumu mwingi huondoka. Imeandikwa na mtu aliyewahi kusikia darasa likisoma.

Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na masimulizi ya mdomo, iwekwe katikati. Septemba 1974 mkutano wa walimu uliofanyika Shule ya Nairobi ukaipeleka hoja hiyo katika shule za sekondari. Vitabu vilibadilika, na ilistahili vibadilike. Mtahini naye alikuwa amebadilika: Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 ikaunda lake mwaka 1973, na Kenya ikafuata mwaka 1980. Kisichobadilika ni dakika arubaini za asubuhi. Fasihi simulizi yenyewe, iliyoingizwa darasani ili kuirudisha sauti, ikageuka fasili, aina na sifa za kuandikwa daftarini. Leo wako wanafunzi wanaoweza kutaja sifa sita za kitendawili na hawajategwa kitendawili hata kimoja.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mathias Mnyampala alibuni ngonjera, mashairi ya kujibizana ya kuigizwa, na baada ya Nyerere kuwaita washairi mwaka 1968 kulieneza Azimio, ngonjera zikaenea shuleni. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilianza kutoka mwaka 1970, Mnyampala akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Kwa usanii, nyingi ni hotuba zilizotiwa vina, na mjinga wa mwanzo lazima aelimike kabla ya ubeti wa mwisho. Ila zilifanya jambo ambalo somo la Kiingereza halikulifanya: mtoto wa miaka kumi alisimama mbele ya wazazi na kumjibu mwenzake kwa mizani. Wakati huohuo, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971. Katika Kinjeketile neno lililosemwa na mtu mmoja linamtoka mkononi, linawabeba watu hata kwenye bunduki za Wajerumani, naye hana uwezo wa kulirudisha. Tamthilia hiyo ikawa kitabu cha shule, ikaulizwa dhamira na wahusika.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo yao, na bado wakashauri kibaki. Kijana wa kidato cha kwanza aliendelea kuingia kutoka shule ya Kiswahili na kukuta kila somo limehama lugha. Darasa la namna hiyo hunyamaza. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na imla hufanywa kwa macho badala ya masikio.

Tamasha la maigizo la shule nchini Kenya, lililoanza mwaka 1959, lingali likifanyika, na Kiswahili kina michezo na mashairi yake humo. Nje ya tamasha, viko vikundi vya waigizaji wanaozunguka shuleni kucheza vitabu vilivyowekwa kwa mtihani. Kigogo cha Pauline Kea kilizungushwa hivyo, kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Waigizaji huja na mavazi yao ndani ya gari, ukumbi wa kulia hugeuzwa jukwaa, nao wanafunzi hutazama, wengine vitabu vikiwa magotini, na kalamu tayari kwa mistari inayoweza kuulizwa: nani anasema, anamwambia nani, wakati gani.