AWP haipigi unapolenga? Soma hapa kabla hujagombana na mwenye kafe

Juzi kati nililipia saa nzima kafe nicheze Counter-Strike 1.6, ile ya mwaka 2003 ambayo mpaka leo haijachuja. Nikashika AWP, nikamweka mtu katikati ya skopu, nikafyatua... hewa! Mara ya pili, hewa! Nikamfokea mwenye kafe mbele ya watu kwamba mashine yake mbovu. Kumbe mbovu ni mimi. Nimeshamwomba radhi, lakini hela ndo ilishaliwa. Yasikukute na wewe, pima kwa mpangilio huu:

1. SKOPU YENYEWE. Chagua New Game, ramani ya de_dust2, uwe peke yako. Simama tuli mbali na ukuta, bonyeza batani ya kulia ya mausi, lenga, piga. Tundu likitokea katikati ya msalaba, skopu ni nzima.

2. MIGUU. Rudia huku unatembea, halafu huku unaruka. Utaona matundu yanatawanyika hovyo. Gemu limetengenezwa hivyo makusudi. Bila kuzumu pia AWP hutawanya, hata ukiwa umesimama. Kwa hiyo achia vitufe, tulia, ndo upige. Ukichuchumaa ni bora zaidi. Ugonjwa wangu ulikuwa hapa!

3. MAUSI. Mashine ya kafe inaweza kubaki na setingi za aliyekaa kabla yako. Kama msalaba unakimbia ukizumu tu, fungua konsoli uandike zoom_sensitivity_ratio 1.2, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya gemu. Bado unakimbia? Shusha mpaka 1.

4. MTANDAO. Andika net_graph 3. Loss au choke zikizidi 0 mara kwa mara, data zinapotea au zinachelewa njiani, hamia seva ya karibu. Halafu msilenge mbele ya mtu mkidhani mnafidia pingi. Seva nyingi hurudisha muda nyuma na kuangalia ulichokuwa unakiona ulipofyatua. Mlenge mwili wake pale unapouona.

Ukimaliza yote manne na bado unakosa, ndugu yangu, hapo hakuna setingi, ni mazoezi tu. Mwenye mbinu nyingine atumwagie hapo chini. Kazi kwenu!