Kutoka Redio za Betri hadi Laptopu za Gemu: Ufundi wa Kitale na Bungoma

Laptopu ya gemu inayoanza mchezo vizuri kisha ikasuasua ghafla, mara nyingi haijaharibika. Imejipunguzia kasi yenyewe kwa sababu umeme hautoshi, joto limeizidi, au imebebeshwa kazi nyingine bila mchezaji kujua. Kuzitofautisha sababu hizo ni ujuzi, na katika miji ya Kitale na Bungoma msingi wake ni wa zamani kuliko kompyuta.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika muongo huohuo njia kuu ya kwenda Uganda ikapita Bungoma. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiwalenga walowezi, ambao Trans Nzoia, eneo la Kitale, ilikuwa nao wengi. Redio iliingia katika nyumba za wananchi wengi baadaye, transista za betri kavu zilipopatikana kwa bei nafuu. Ndipo fundi wa redio akawa mtu wa kawaida kwenye baraza za maduka ya sokoni. Kabla ya kushika bisibisi aliuliza redio inanyamaza lini. Iliyowaka kwa sauti kubwa ikafifia baada ya dakika chache, kisha ikapata nguvu tena ilipopumzishwa, ilikuwa na betri zilizochoka. Hapakuwa na haja ya kuifungua. Swali hilo la “lini” ndilo urithi mkubwa wa kazi hii.

Baada ya PlayStation 2 kutoka mwaka 2000, vibanda vya gemu vilienea katika miji ya Kenya, na vijana wakawa wanalipa shilingi chache kwa kila mechi. Humo fundi alikutana na mashine inayofanya kazi kutwa nzima, feni yake ikivuta vumbi la barabarani. Lakini gemu za mashine hiyo zilitengenezwa kwa ajili yake peke yake, kwa hivyo kasi haikuwa fumbo kubwa. Fumbo lilikuja na kompyuta, hasa baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 na intaneti kushuka bei, pamoja na laptopu kuukuu zinazouzwa kwa jina la “ex-UK”. Nyingi ni EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizoundwa kwa kazi za ofisi. Kijana akiiwekea mpira wa FIFA, anaidai kazi ambayo chaja yake ya wati 65 na feni yake nyembamba havikupimiwa.

Umeme ndio wa kukaguliwa kwanza. Laptopu halisi ya gemu huhitaji chaja ya wati 150 hadi zaidi ya 200, na ikipewa ndogo hupunguza kasi au hula betri ingawa imechomekwa. Laptopu nyingi za Dell huitambua chaja kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha waya. Pini hiyo ikipinda, taa ya chaja huwaka kama kawaida, lakini betri haijai na prosesa hushushwa kasi. Wapo wanaobadilishiwa ubao mzima kwa kosa la pini, na hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Joto lina historia yake. Tangu Pentium 4 ya mwaka 2000, Intel huweka ndani ya prosesa kinga inayoipunguzia kasi inapokaribia kiwango cha hatari, ambacho katika laptopu za sasa ni nyuzi 100 hivi za selisiasi. Chipu za michoro hazikusalimika: Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kabla ya wakati. Mafundi wengi wa zama hizo walizifufua kwa kuzipuliza hewa ya moto. Zilirudi kwa wiki au miezi kisha zikafa tena, kwa kuwa kasoro ilikuwa ndani ya chipu yenyewe.

Hapa mahali penyewe pana neno. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko ya pwani, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Ubaridi wa mji hufidia sehemu ya upungufu huo. Kisichofidiwa ni vumbi la kiangazi, linalochanganyika na makapi ya mahindi yanayopukuchuliwa. Ukiifungua laptopu iliyokaa miaka miwili bila kusafishwa, utaona kati ya feni na mapezi ya shaba tabaka la kijivu linalobanduka zima, mfano wa kipande cha blanketi. Pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa nayo imekauka na kupasuka. Hufutwa kwa spiriti, ikapakwa mpya kiasi cha punje ya dengu, na skrubu zikakazwa kwa kupishana ili chuma kilale sawa. Bungoma, iliyo karibu mita 1,400, ina joto zaidi, na ngurumo za alasiri huikatiza stima mara kwa mara. Huko ni vyema laptopu ichomolewe ukutani radi zinapoanza.

Ndipo swali la fundi wa redio linaporudi. Kasi ikishuka papo hapo chaja inapochomolewa, sababu ni umeme. Ikishuka baada ya dakika kumi hivi, huku feni ikivuma, ni joto. Ikishuka na kupanda ovyo, huenda ramu ni ndogo, au Windows inapakua masasisho chinichini na kumaliza bando. Ikiwa duni tangu sekunde ya kwanza, inafaa kuangaliwa kama gemu imeangukia chipu ndogo ya michoro iliyo ndani ya prosesa: teknolojia ya Optimus, iliyotolewa na NVIDIA mwaka 2010, hubadilisha chipu hizo yenyewe, na wakati mwingine huchagua vibaya. Hilo hurekebishwa kwenye mipangilio, bila kugusa skrubu hata moja.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, suala jingine limeongezeka. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno, na laptopu nyingi za “ex-UK” ni za vizazi hivyo. Zikilazimishwa kuipokea, draiva za michoro za zamani huweza kugongana na mfumo mpya, na gemu iliyokuwa ikienda vizuri ikaanza kukwama. Kwa laptopu ya namna hiyo, tarehe ya kubadilishwa kwa mfumo huulizwa kabla ya vumbi na pesti.