Kutoka Celtel hadi Airtel: mikono iliyobeba kampuni iliyokua mbio

Bukavu, Goma na Uvira bado kuna watu wazima ambao wakienda kununua unité za Airtel, mdomo unasema Celtel. Kampuni ni ileile. Mwaka 2008 iliitwa Zain, mwaka 2010 ikaitwa Airtel. Wengi wanayajua majina hayo matatu, lakini kazi ya watu walioikuza kampuni hii ndani ya Kongo haisimuliwi sana.

Simu ya mkononi haikuanza na Celtel. Tangu mwaka 1986, wakati wa Zaire, kulikuwa na Telecel, kampuni iliyoanzishwa Kinshasa na Miko Rwayitare pamoja na mshirika wake Mmarekani, Joseph Gatt. Lakini simu zake zilikuwa ghali mno. Zilibebwa na wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wazito. Mwalimu, mama wa sokoni na mwanafunzi waliziona kwa macho tu.

Mwaka 1998, Mo Ibrahim, injinia mzaliwa wa Sudani aliyefanya kazi ya simu Uingereza, alianzisha kampuni ya simu kwa ajili ya Afrika. Ndiyo iliyokuja kuitwa Celtel. Mpango wake ulikuwa tofauti: mteja alipe kwanza, kidogo kidogo, kwa kadi, bila kuulizwa akaunti ya benki. Hapo hata mwenye franga chache alipata nafasi.

Celtel ilifungua kazi Kongo mwezi wa 12 mwaka 2000. Nchi ilikuwa katika vita na imegawanyika vipande: Kinshasa chini ya serikali, Goma na Bukavu chini ya waasi wa RCD. Barabara zilikuwa zimekufa na umeme wa SNEL ulikuwa wa kubahatisha. Katika hali hiyo, kazi ya kampuni ya simu haikuwa kukaa mbele ya kompyuta tu. Kila antene ilihitaji kilima kizuri, mapatano na mwenye shamba na chefu wa mahali, jenereta, mazutu ya kuiendesha usiku na mchana, na sentinele wa kulinda vyote hivyo. Mazutu yakichelewa, mji mzima unanyamaza. Fundi aliyepanda mnara na dereva aliyepeleka mapipa katika matope walikuwa kampuni sawasawa na mkurugenzi.

Ndani ya ofisi kulikuwa na sheria moja iliyojulikana sana: malipo yoyote yaliyozidi dola 30,000 yalihitaji kibali cha baraza zima la wakurugenzi. Mo Ibrahim ameeleza kwamba sheria hiyo iliwakinga wafanyakazi wake na rushwa. Mkubwa wa serikali akidai chake, mfanyakazi alijibu kwa heshima kwamba mkono wake peke yake hauwezi kutoa pesa hizo. Anayejua kazi za Kongo anafahamu uzito wa kinga kama hiyo.

Kazi nyingine ilikuwa kuunganisha watu waliotenganishwa. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto tu uko katikati. Hata hivyo, simu kutoka mji mmoja kwenda mwingine ilikuwa inazungukia Ulaya kwa setilaiti, na bei yake ilikuwa ya Ulaya. Celtel iliweka mawasiliano ya moja kwa moja juu ya mto, na watu wakaanza kupigiana kwa wingi.

Kadiri wateja walivyoongezeka, ndivyo kazi ilivyotoka ofisini na kwenda barabarani. Ligablo, meza yenye mwavuli, kijana mwenye furushi la kadi mkononi: hao ndio walioifikisha kampuni mtaani. Hawakuwa na mshahara. Walinunua kadi kwa pesa yao na kula faida ndogo iliyobaki. Mvua, polisi na mwizi vilikuwa juu yao wenyewe.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2005, Celtel iliponunuliwa na kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Mo Ibrahim alikuwa na desturi ya kuwapa wafanyakazi hisa, na wenye hisa walipata fungu lao. Sentinele wa kilimani na muuza kadi waliamka kesho yake na kazi ileile.

Wenye kampuni wapya waliendelea kuipanua. Mwaka 2007 mteja wa Kongo aliweza kufika Kampala au Dar es Salaam na kutumia laini yake kwa bei ya wenyeji. Kwa familia zilizokimbilia Uganda na Tanzania, jambo hilo halikuwa dogo. Mwaka 2010, Bharti Airtel ya India ikanunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Kazi zikaanza kugawanywa. Kompyuta zikakabidhiwa kwa IBM, na huduma ya kupokea simu za wateja ikapewa makampuni mengine. Mwaka 2016 minara ya Airtel nchini Kongo ikachukuliwa na Helios Towers. Kwa hiyo mtu anaweza kulinda mnara unaorusha Airtel, na karatasi yake ya kazi ikawa na jina lingine kabisa.

Leo mzigo mkubwa uko kwa ajenti wa pesa. Tangu benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, Airtel Money, M-Pesa na Orange Money ndizo zinazopitisha mshahara wa mwalimu na msaada wa ndugu aliye mbali. Familia iliyohama makwao inamjua mtu mmoja tu katika kampuni yote: yule anayekaa kwenye meza, anayetafuta noti siku nzima ili aweze kulipa.

Vijana wengi bado wanatamani kazi hii, na ni haki yao. Historia ya Celtel inawafundisha waulize mapema: karatasi ya kazi inasainiwa na nani, na siku kampuni itakapouzwa, jina la nani liko kwenye orodha ya wenye fungu?